Tarabu haikutoka kwenye ustaarabu

Nimeshaisikia hii mara nyingi mno na juzi nimeisikia tena, sasa naona bora niandike. Tulikuwa barazani baada ya isha, kahawa inazunguka, mie nimewafungulia wenzangu kwenye simu video ya Brian Auger anapiga ogani yake, yule Muingereza wa jazi iliyochanganywa na roki, na watu waliokaa mbele karibu wote mvi tupu, mmoja kafumba macho kabisa anatikisa kichwa pole pole kama mtu anayekataa jambo, halafu mkono wake wa kulia ukanyanyuka wenyewe juu ya meza ukabaki hapo hapo hewani. Kijana mmoja pale, kijana mzuri tu mwenye adabu zake, akasema, "Wanajua kupiga hawa kaka, lakini tarabu hawana. Tarabu ni yetu sie, neno lenyewe si limetoka kwenye ustaarabu." Wenziwe wakaitikia. Hata mzee mmoja niliyemtegemea atamrekebisha akasema ndio, ustaarabu.

Hapana jamani.

Maana yenyewe ntaisema haraka kwa sababu si ngumu. Tarabu ni ile hali inayomshika mtu akisikiliza muziki mpaka anajisahau, mwili unakuwa mwepesi, anaweza kucheka anaweza kulia na mara nyingi hajui kipi. Baadae jina la hali wakapewa nyimbo zinazoileta, ndo hizi tunazoziita taarabu. Hali ilitangulia, fani ikafuata. Basi.

Sasa tuje kwenye neno, maana hapa ndo penye maradhi. Aliyekaa chuoni akasoma Kurani hata mwaka mmoja anajua twaa na ain ni herufi mbali mbali za Kiarabu, alishapigwa fimbo kwa kuzikosea. Tarabu ni twaa, ra, ba. Ustaarabu ni ain, ra, ba, mzizi mmoja na neno Arabu. Istaaraba kwa Kiarabu ni mtu asiyekuwa Mwarabu kufata mwendo wa Waarabu, na huku pwani kwetu likaja likavaa maana ya tabia njema na maisha ya mjini, na kwa nini neno hilo hasa ndo lilipewa kazi hiyo ni habari ndefu yenye machungu yake, leo siingii. Ninachotaka mkione ni kwamba ile t ya ustaarabu wala haimo kwenye mzizi, ni kipande cha "ista" kinachokuja mbele ya neno, tena ni ta nyepesi, si twaa ile nzito ya kukaza ulimi. Ukiondoa kipande hicho kwenye ustaarabu unabaki na ain, ra, ba, na tarabu haipo hapo hata kwa dawa.

Kilichotuponza ni kalamu. Kiswahili chetu twaa tumeilainisha ikawa t ya kawaida, ain tumeigeuza a ya pili, kwa hiyo ustaarabu kuwa na a mbili ni haki yake. Lakini tarab kwa Kiarabu ni fupi fupi, ta-ra-b, haina cha kuvuta, sie wenyewe ndo tukaja kuiandika taarab kwa a mbili na mpaka leo iko hivo kwenye mabango na kwenye mialiko ya harusi. Mtu akiyaona maneno mawili yale kwenye karatasi anaona mama na mwana, kumbe hata ujirani hawana. Mie kwa hilo, humu nikiandika tarabu kwa a moja nasema ile hali, na nikiandika taarabu kwa a mbili nasema nyimbo. Si sheria ya mtu yeyote, ni kwa ajili ya kuelewana tu.

Waarabu wenyewe walishaieleza zamani. Ukifungua Lisan al-Arab, lile kamusi kubwa la Ibn Manzur, tarab imeelezwa kuwa ni wepesi unaomfika mtu kwa furaha kubwa au huzuni kubwa. Wepesi! Mie neno hilo nalipenda sana, kwa sababu halikutaja udi wala kanuni, vyombo vyetu vya nyuzi, halikutaja lugha, halikutaja kanzu wala namna ya kukaa kitini. Na anayeusababisha wepesi huo anaitwa mutrib, ambalo sie tumelifanya mtribu, wazee walikuwa wanalitumia sana, siku hizi linapotea. Mtribu si "mtu wa kikundi cha taarabu". Mtribu ni yule anayekutia tarabu.

Mtu atasema haya ni mambo ya herufi tu, yana faida gani. Yana faida, kwa sababu ukishaamini tarabu ni ustaarabu basi utaanza kuupima muziki kwa adabu. Utasema tarabu ni kukaa kimya, kuvaa vizuri, kutopaza sauti, na wapo wanaosema hivo hivo. Na ule ugomvi wetu wa kila siku, kuwa nyimbo za mipasho zimeua taarabu, nusu yake ni ugomvi wa adabu, si wa muziki, watu wanabishana maneno ya nyimbo yana stara au hayana wakati suala la tarabu ni jengine: je uliposikia, ulipata wepesi? Hata hili jina la rusha roho, la taarabu ya kisasa, ambalo watu wanalichukia, ukilitizama vizuri liko karibu na twaa ra ba kuliko huo ustaarabu wenu, roho ikiruka si ndo wepesi wenyewe.

Historia ya huku mnaijua sina haja ya kuirefusha. Sultan Barghash wa Zanzibar aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888 ndo anatajwa kuleta muziki wa Misri kwenye kasri lake, kikundi cha taarabu cha Nadi Ikhwan Safaa kikaundwa 1905 na kipo mpaka leo, muimbaji Siti binti Saad akaenda Bombay 1928 kurikodiwa. Wazee wetu tena wakakaa na redio wakimsubiri Ummu Kulthum, muimbaji wa Misri, Alhamisi ya kwanza ya mwezi kutoka Cairo, nyimbo moja inakwenda saa nzima na zaidi, mstari mmoja anaurudia mara tano mara sita na kila mara kaubadilisha kidogo kwa sababu watu ukumbini wamepiga kelele arudie. Hapo ndo utaona tarabu inavyofanya kazi. Haiko kwa muimbaji peke yake. Anakwenda mbali na sauti, msikilizaji anakwenda nae, anamsubiri arudi, na akirudi pale pale alipopategemea lakini kwa njia asiyoitegemea, mtu anatoa "Aah!" bila kutaka. Ile aah ikimfikia muimbaji nae anapanda. Ndo mana taksimu ya kanuni, pale mpigaji anapopiga peke yake kwa kubuni, hata siku moja haifanani na ya jana.

Sasa turudi kwa Auger.

Mie nimemjua kwa ami yangu, Mungu amrehemu, alikuwa baharia wa meli za nje, akirudi nyumbani zawadi za watu ziko mkoba mmoja na santuri zake ziko mkoba mwengine wala hamruhusu mtu kuubeba. Mojawapo ilikuwa Live Oblivion, sehemu ya kwanza, ya 1974, iliyorikodiwa laivu kwenye ukumbi wa Whisky a Go Go kule Los Angeles. Mie wakati huo mdogo, nikamuuliza ami, hii ogani mbona sauti inazunguka? Hakunijibu. Akanyanyuka akenda ukutani kwenye swichi ya pangaboi, akaizima kabisa, tukakaa na joto mpaka ikasimama, halafu akaiwasha kwa moja, akaipeleka tatu, akaipeleka tano, na mimi naitizama inavyochukua muda wake mpaka ikashika kasi. "Spika yake ndo hivo," akanambia. "Skiza sasa." Akairudisha sindano.

Alikuwa sahihi kabisa. Ogani ile ni Hammond B-3, kabati zima la mbao, karibu kilo 190 ukihisabu na benchi na pedeli zake, safu mbili za vibao kila safu 61, na ndani mna magurudumu madogo ya chuma yanayozunguka ndo yanayozaa sauti. Halafu sauti inapelekwa kwenye kabati jengine, spika ya Leslie, na humo mna pembe inayozunguka kweli kweli kwa mota. Mtoto aliyewahi kuweka mdomo mbele ya feni akasema aaaa anaijua sauti hiyo. Mpigaji ana swichi, taratibu au mbio, lakini pembe ina uzito wake, haiwezi kuruka mara moja kutoka taratibu kwenda mbio, inapanda, kama pangaboi la ami. Ule muda mdogo wa kupanda, hata sekunde mbili hazifiki pengine, ndo watu wa ogani wanaufia. Auger anaweza kukaa taratibu dakika nzima, besi inarudia kitu kile kile chini, unajua ataiwasha lakini hujui lini, na wewe unabana pumzi.

Alizaliwa London 1939, akaanza na piano ya jazi, alipomsikia Jimmy Smith, mpiga ogani wa Marekani, akahamia kwenye ogani. 1968 nyimbo aliyopiga na muimbaji Julie Driscoll ilifika nafasi ya 5 kwenye chati za Uingereza, na wengine wangekaa hapo hapo wakala jina, yeye 1970 akaunda kikundi cha Oblivion Express na kwenda kupiga usiku baada ya usiku kwenye kumbi ndogo. Wapigaji wamebadilika wee, mpaka mwanawe Karma akakaa kwenye dramu. Wapenzi wake hawakubadilika. Watu waliomsikia wakiwa vijana wameendelea kumfata mpaka wamekuwa na wajukuu, na ukizungumza nao hawakwambii albamu ipi nzuri, wanakwambia usiku upi. Hilo mie nalielewa vizuri. Chukua Bumpin' on Sunset, ya Wes Montgomery mpiga gitaa, Auger aliipiga studio kwenye albamu ya Straight Ahead na akaipiga tena kwenye hiyo laivu ya ami. Ya studio nzuri, safi, haina kosa. Ya laivu ina watu ndani yake, na kuna pahala unasikia kabisa kuwa kapata kitu kutoka kwao na anawarudishia. Ami ya studio alikuwa nayo, akiisikiliza anakula. Ya laivu alikuwa hali kitu.

Msinambie ni ushabiki. Ushabiki unaweza kuwa nao kwa mtu ambae hujamsikia hata siku moja, unapenda jina, unapenda picha, unagombana na wenzio kwa ajili yake. Hawa wanakwenda na kurudi kwa sababu kuna siku walipata wepesi wanautafuta tena, na wanajua haupatikani ila pale anapokaa mtu na chombo chake na wao wamekaa mbele yake. Mama zetu wanakwenda taarabuni kwa hilo hilo, ananyanyuka mtu na noti yake juu, anakwenda kwa madaha mpaka kwa muimbaji, anamtunza kwa ule mstari mmoja uliomgusa, usiku mwengine mstari ule ule ukampita hana habari nao. Kule Los Angeles hawatunzi, wanapiga ukelele. Mkono wa yule mzee kwenye video nao ulinyanyuka hauna noti.

Kwa hiyo kijana wangu, sikukujibu pale barazani kwa sababu wenzio walikuwepo na sikupenda ionekane nakuumbua. Hukukosea yote. Ulichotaka kusema ni kuwa Auger hapigi taarabu, na hilo kweli, hapigi, hajui bashraf, ule muziki wa kufungulia taarabu, wala hajadai kuijua, na taarabu ni yetu hakuna anayetunyang'anya. Ila usiseme hawana tarabu. Na ustaarabu uache ukae na ain yake. Alhamisi inshallah ntakuja na ile video tena, na safari hii usimtizame Auger, mtizame yule mzee wa mbele, mkono wake unanyanyuka kabla spika haijaanza kwenda mbio. Ami yangu nae alikuwa akinyanyua hivo hivo, wa kulia.