Kidonda cha Mgandamizo Huanzia Ndani

Mgonjwa aliyepooza, aliyepoteza fahamu au aliyevunjika nyonga hawezi kujigeuza. Uzito wake hubana nyama kati ya mfupa na godoro, mishipa midogo huziba, na nyama isiyopata damu hufa. Mara nyingi inayotangulia kufa ni ile iliyo jirani na mfupa, ndiyo maana doa dogo juu ya ngozi linaweza kuwa limefunika shimo kubwa.

Kagua ngozi kila siku: juu ya makalio, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, viwiko na kisogo. Bonyeza doa kwa kidole, kisha achia. Wekundu usiofifia ni kidonda kilichokwisha kuanza. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, hivyo tafuta sehemu iliyokolea rangi, yenye joto, iliyo ngumu au inayouma. Usiikande, kukanda huongeza madhara.

Mgeuze kila baada ya saa 2, usiku pia. Anapolala ubavu, asilalie nyonga moja kwa moja: mwinamishe nyuzi 30 hivi, mto ukiwa mgongoni. Kichwa cha kitanda nacho kisizidi nyuzi 30, ila wakati wa kula. Akiteleza kuelekea miguuni, ngozi hung'ang'ania shuka huku mifupa ikishuka, na mishipa huvutika hadi kukatika. Kwa sababu hiyo hiyo, mnyanyueni watu wawili kwa shuka, msimburute. Mto uwekwe chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie. Pete ya mpira ya kukalia haifai, hubana damu pembeni. Godoro la hewa husaidia, lakini kumgeuza kuko palepale.

Akijisaidia, msafishe mara moja, mkaushe bila kusugua, mpake mafuta mazito.

Kidonda kilichofunguka huoshwa kwa maji safi ya chumvi ya hospitalini. Spiriti na haidrojeni peroksaidi huua hata seli mpya zinazoota. Kifunikwe kwa bandeji inayotunza unyevu, maana kukianika hukichelewesha kupona. Nyama iliyokufa huondolewa na mtaalamu; gamba jeusi kavu la kisigino, lisilo na usaha wala uvimbe, kwa kawaida huachwa.

Chakula nacho ni tiba: protini gramu 1.25 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani gramu 75 hadi 90 kwa mtu wa kilo 60. Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari kwanza.

Homa, usaha, harufu mbaya, wekundu unaosambaa au mfupa kuonekana: mpeleke hospitali siku hiyohiyo, kwani huenda vijidudu vimefika kwenye mfupa au kwenye damu.