Si wingi wa damu: kilichowaumiza watazamaji wa The Walking Dead

Usiku wa tarehe 23 Oktoba 2016, watu milioni 17 nchini Marekani walikaa mbele ya runinga kusubiri kuambiwa nani amekufa katika The Walking Dead, tamthilia kuhusu manusura wanaozingirwa na mazombi, wafu wanaotembea. Walikuwa wamesubiri tangu tarehe 3 Aprili, msimu wa sita ulipofungwa kwa Negan, adui mkatili wa manusura hao, kunyanyua rungu lake la besiboli lililozungushiwa seng'enge na kulishusha juu ya mtu ambaye hatukuonyeshwa. Jibu lilikuwa Abraham, mmoja wa manusura. Kisha, tulipoanza kuvuta pumzi, mwenzake Glenn. Alipigwa mbele ya mkewe Maggie, mjamzito, na kamera haikugeuka pembeni: jicho lilimtoka kwenye tundu lake huku akihangaika kumwambia Maggie neno la mwisho.

Niliifuata tamthilia hiyo tangu msimu wa kwanza, na hadi leo maelezo ninayosikia kuhusu hasira ya watazamaji siku ile hayalingani na yaliyotokea.

La kwanza ni kwamba waliolalamika walikuwa waoga wa damu. Jamani, hao walikuwa watu waliotazama misimu sita ya mazombi kupasuliwa vichwa! Msimu wa tano ulianza Oktoba 2014 kwa tukio la kutisha sana: wanaume wamepigishwa magoti kwenye foleni mbele ya hori la chuma, mmoja baada ya mwingine wanapigwa rungu kisogoni, kisha wanachinjwa, damu inatiririka kwenye hori. Sehemu hiyo ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 17, ikawa ndiyo yenye watazamaji wengi kuliko zote katika tamthilia hiyo, na haikuzua kilio kama hiki. Waliochinjwa hawakuwa watu tuliowazoea. Anayefuata kwenye foleni alikuwa Glenn mwenyewe, rungu limeshanyanyuliwa, akanusurika, nasi tukashangilia.

Mtaalamu wa saikolojia ya vyombo vya habari, Dolf Zillmann, alilieleza jambo hili miaka mingi kabla: mtazamaji hapimi ukatili kwa lita za damu. Humpima kwanza anayetendewa. Tukimpenda mhusika, maumivu yake tunayabeba. Tukimchukia, huenda hata tukafurahia. Na Glenn tulimpenda tangu sehemu ya kwanza kabisa ya mwaka 2010, alipokuwa sauti tu kwenye redio ya kifaru, ikimsemesha Rick, mhusika mkuu, aliyezingirwa na wafu. Kabla ya dunia kuharibika alikuwa kijana wa kupeleka piza. Alibaki na utu wake wakati wenzake wakiupoteza. Mtu anaweza kuzoea zombi kupasuliwa, wala simlaumu, lakini mazoea hayo hayamkingi siku rafiki anapopigwa.

Wapo wanaosema pia kwamba wasomaji wa komiki iliyozaa tamthilia hiyo hawakuwa na sababu ya kukasirika, kwa kuwa Glenn alishauawa na Negan, kwa rungu hilohilo, katika toleo la 100 lililotoka Julai 2012. Kujua walijua. Hapa ndipo penye kiini cha ugomvi wenyewe, maana wengi wao walikasirika kuliko hata wasiosoma, na naona walikuwa na haki. Oktoba 2015 tulionyeshwa Glenn akianguka katikati ya kundi la mazombi, matumbo yakivutwa. Wiki iliyofuata jina la mwigizaji wake, Steven Yeun, liliondolewa hata kwenye majina ya ufunguzi. Tukaomboleza. Mwishoni mwa Novemba akaibuka mzima: alikuwa amejificha chini ya pipa kubwa la taka, na matumbo yalikuwa ya mtu mwingine. Haikutimia nusu mwaka, tukaachwa tena kwenye giza la Aprili. Na sehemu ya Oktoba ilipoanza, bado ilituzungusha: ikaanzia baada ya mauaji, ikampeleka Rick safari na Negan, ndipo ikarudi nyuma kutuonyesha. Abraham akatangulia kufa, wasomaji wakadhani Glenn amepona. Ukimpiga mtu danadana kwa mwaka mzima kuhusu kifo cha ampendaye, siku ya msiba hatakulaumu kwa jicho lililotoka. Atakulaumu kwa danadana.

Kuhusu serikali, wengi huamini mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilipaswa kuifungia tamthilia ikazembea. Sisi tuliozoea bodi za filamu, Kenya na Tanzania, tunaelewa kwa nini mtu adhani hivyo. Lakini AMC, iliyoirusha tamthilia hiyo, ni chaneli ya kebo. Kanuni za FCC juu ya utangazaji usiofaa zinahusu vituo vinavyorushwa hewani bure, kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa nne usiku, na zinazungumzia ngono na uchafu, si umwagaji damu. Mwaka 2007 FCC yenyewe iliandika kwamba Bunge lingeweza kutunga sheria kuhusu ukatili kwenye runinga, sheria haikuja. Baraza la wazazi lililokuwa likifuatilia runinga, Parents Television Council, lililaani sehemu ile kwa ukali, lakini halikuwa na meno ya kisheria. Alama ya TV-MA inayoonekana mwanzoni, yaani kipindi cha watu wazima, huwekwa na watangazaji wenyewe.

Kwa wenye watoto, nina mawili ya kusema kwa msisitizo. Utafiti mkubwa wa ukatili kwenye runinga uliofanywa Marekani katika miaka ya 1990 ulitahadharisha juu ya ukatili msafi: shujaa anapiga, hakuna anayelia, hakuna anayeumia, mchezo unaendelea. Huo ndio unaomvuta mtoto kuiga, na maumivu yanapoonekana hamu ya kuiga hupungua. Kwa hiyo katuni isiyo na tone la damu si salama kwa sababu hiyo tu.

Hofu ni suala jingine. Mpwa wangu wa miaka mitano aliingia sebuleni nikitazama, nikamwambia haraka, "Ni maigizo tu, mwanangu." Haikumsaidia, alilala na taa wiki nzima, na najutia hadi leo. Baadaye nilisoma kazi za Joanne Cantor, mtafiti wa hofu za watoto mbele ya skrini, na kuelewa: mtoto wa umri huo huogopa anachokiona, na maneno kwamba si kweli hayamfikii. Cantor na mwenzake Kristen Harrison mwaka 1999 waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu kuhusu hofu za skrini za utotoni. Takriban 9 katika kila 10 walikuwa na kisa cha kusimulia, na kama robo walikuwa bado hawajapona kabisa.

Halafu kuna idadi. Husemwa damu ndiyo iliyowafukuza watu, kwa kuwa wiki iliyofuata walibaki milioni 12 na nusu hivi. Lakini msimu wa sita nao uliporomoka kwa zaidi ya milioni mbili baada ya sehemu yake ya kwanza, bila Negan wala rungu. Januari 2017 mtayarishaji Gale Anne Hurd alisema walipunguza ukali wa baadhi ya matukio yaliyokuwa bado yakirekodiwa. Watazamaji waliendelea kupungua. Desemba mwaka huohuo tukajulishwa kwamba Carl, mtoto wa Rick, ameng'atwa na zombi. Kifo chake kilikuja Februari 2018, taratibu, baada ya kuagana na watu wake, na risasi ya mwisho tuliisikia tu bila kuiona. Mashabiki walikuwa wameshaanza kukusanya saini tangu Desemba hiyo, wakitaka kiongozi wa waandishi aondolewe.