Je, wajua kwa nini unaandikiwa dawa ya malaria bila hata kutobolewa kidole?

Unafika zahanati, unasema tu "dokta nina homa, na viungo vinauma", hujamaliza sentensi ALu, ile dawa mseto ya malaria, ishaandikwa. Wakati mwongozo unasema apime kwanza! WHO walishasema tangu 2010 kwamba mgonjwa wa rika lolote anayehisiwa malaria apimwe ndo apewe dawa, na kipimo chenyewe cha haraka, ile mRDT, hakitaki umeme wala hadubini. Tone la damu, matone ya kile kimiminika chake, unasubiri kama dakika 15 hadi 20, mistari miwili unayo, mmoja tu pale kwenye C (unaoonyesha kipimo kimefanya kazi) huna. Sasa shida nini?

Foleni ni sababu mojawapo, nesi yuko peke yake, nje kuna kina mama wamejaa benchi mbili na watoto wanalia, hizo dakika 15 kwake ni nyingi. Halafu wengi walisoma enzi ambazo mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye homa sehemu yenye malaria nyingi anapewa dawa moja kwa moja, na mazoea hayafi kwa semina ya siku mbili.

Ila mimi naona kinachowasumbua zaidi ni jibu likija hana. Maana malaria ina dawa inayojulikana, ila "hana malaria" unamwambia nini mama aliyepanda bodaboda na mtoto anachemka? Maabara ya kupima vitu vingine hakuna, na mama mwenyewe anataka aondoke na dawa. Matokeo yake wengine wanapima, jibu linatoka hana, na ALu wanaandika vilevile, au wanamsukumia antibayotiki ili wote waridhike.

Na hiyo "hana" siyo ya kubahatisha jamani. Utafiti uliochapishwa 2014 uliangalia watoto 1,005 wenye homa Dar es Salaam na Ifakara, waliokuwa na malaria walikuwa kama mmoja kwa kila kumi, wengi walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, tena mengi ya virusi. Mwaka huohuo dengue, ugonjwa wa virusi, ilikuwa imeivamia Dar, homa kali, maumivu ya mwili, ukimpa mtu wa dengue ALu hujamsaidia kitu.

Kipimo nacho kina vituko vyake, kinasoma protini ya vimelea ambayo inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya kupona, kwa hiyo mtu kamaliza dozi vizuri tu, akipimwa tena mistari miwili. Nesi akishaliona hilo mara kadhaa anaanza kukidharau, hata kinaposema kweli.

Na kuna siku boksi la vipimo limeisha kabisa, oda haijafika, ila ALu zimejaa kabatini. Hapo hata dokta anayependa kupima anaandika tu.