Je, wajua? Saratani ya ovari mara nyingi haianzii kwenye ovari

Mama mdogo alipoambiwa ana saratani ya ovari, swali la kwanza lililonitoka lilikuwa: "Si alipima kizazi mwaka jana?" Alipima kweli. Walimpaka siki, wakamwambia shingo ya kizazi haina tatizo, akarudi nyumbani ametulia. Sikujua kwamba kipimo kile huishia kwenye shingo ya kizazi tu. Ovari ziko juu zaidi, ndani ya nyonga, na hata kipimo cha Pap, kile cha kukwangua seli za shingo ya kizazi, hakizifikii. Sisi tukisema "kizazi" tunajumlisha vyote, shingo, mfuko, mirija na ovari, kwa hiyo mtu akiambiwa kizazi chake ni salama anajua vyote vimekaguliwa.

Hilo nilielezwa siku hiyohiyo. Kosa la pili nilikaa nalo muda mrefu zaidi, kwa sababu hata jina la ugonjwa lilikuwa linaniunga mkono: niliamini saratani ya ovari huanzia kwenye ovari. Ingeanzia wapi kwingine?

Kwa aina inayowapata wanawake wengi zaidi, ile kali inayoandikwa sirasi kwenye majibu ya maabara na inayochukua takriban wagonjwa 7 katika kila 10, chanzo mara nyingi ni mrija wa falopio. Tena si mrija mzima. Ni ile ncha yake ya mwisho, kipande cha kama sentimita moja.

Ili hili likae sawa kichwani inabidi kwanza tufute ule mchoro wa kitabu cha Biolojia. Pale mrija na ovari vinaonekana vimeunganishwa kama bomba na tangi. Mwilini havikuunganishwa hivyo. Mdomo wa mrija uko wazi, umeachia ndani ya tumbo, na ukingoni una nyuzinyuzi laini za nyama zinazoning'inia kama matamvua ya kikoi. Yai linapopasuka kutoka kwenye ovari, matamvua hayo huipapasa ovari, hulizoa yai na kuliingiza mrijani. Yaani kila mwezi matamvua na ovari hugusana, yanalowa maji yaleyale yanayotoka na yai, kisha yanaachana.

Sasa fikiria bustani mbili zilizotenganishwa na ua wa miti. Kwako, kwenye kona ambayo huikanyagi mara kwa mara, kumeota shina moja dogo la mchicha pori. Limekonda, udongo wa pale ni haba. Linakomaa, linadondosha mbegu, na chache zinavuka ua hadi kwa jirani, ambako kuna samadi na maji. Baada ya muda bustani ya jirani imefunikwa na magugu mpaka kiunoni. Anayepita njiani atasema magugu ni ya jirani. Hataona lile shina lako kavu la kona, na pengine magugu ya jirani yameshatambaa yakalifunika.

Ndivyo inavyokwenda. Seli za kwanza kuharibika huwa kwenye matamvua, katika utando mwembamba usioonekana kwa macho. Zinaweza kubanduka zikiwa bado chache sana, zikaangukia kwenye ovari iliyo chini yake, na ovari ina damu nyingi. Huko zinakua hadi kufikia ukubwa wa papai. Daktari anapofungua tumbo anakuta papai liko kwenye ovari, na mrija umemezwa au unaonekana wa kawaida kabisa. Kwa zaidi ya miaka 100 ugonjwa ulipewa jina la mahali ulipokutwa umenenepa.

Na kwa kuwa mdomo wa mrija uko wazi, si mbegu zote zinazoangukia kwenye ovari. Nyingine zinachukuliwa na unyevunyevu wa tumboni, zinasambaa hadi kwenye utando wa mafuta unaoning'inia mbele ya utumbo kama aproni, na hadi chini ya kiwambo cha kupumulia. Ndiyo maana wagonjwa wengi hugundulika ugonjwa ukiwa hatua ya 3 au ya 4. Hakuna ukuta uliovunjwa. Mlango ulikuwa wazi tangu mwanzo.

Walijuaje? Kwa kuangalia wanawake ambao walikuwa hawajaugua. Kuna familia zinazorithi hitilafu kwenye jeni za BRCA1 au BRCA2. Mwanamke mwenye hitilafu ya BRCA1 ana uwezekano wa takriban asilimia 40 au zaidi wa kupata ugonjwa huu maishani, wakati kwa wanawake wa kawaida nchini Marekani ni kama asilimia 1. Baadhi yao huamua kuondolewa ovari na mirija mapema. Mwaka 2001 watafiti wa Uholanzi waliangalia mirija ya wanawake 12 wa aina hiyo, na nusu yao wakakutwa na seli zilizoanza kubadilika. Baadaye timu ya mtaalamu wa patholojia Christopher Crum huko Boston ikabadilisha namna ya kuukata mrija maabara.

Hapo mimi huwa nasimama kwa mshangao, kwa jinsi badiliko lenyewe lilivyokuwa dogo. Zamani maabara ilikuwa ikikata kipande kimoja au viwili vya mrija na kutangaza kuwa ni msafi. Ni sawa na kuchota mchele konzi moja kutoka kwenye gunia, ukakosa kijiwe, ukasema gunia zima halina mawe. Wale wa Boston walimwaga mchele wote kwenye ungo: waliyapasua matamvua kwa urefu, vipande vyembamba, wakavitazama vyote kwa hadubini. Vijiwe vikaonekana, na vingi vilikuwa kwenye matamvua.

Tusivuke mipaka ya ushahidi lakini. Kwa wagonjwa wengine wa aina hii mirija hukutwa safi hata baada ya kukatwa kwa uangalifu wote huo. Kuna utafiti wa mwaka 2017 uliokadiria kwamba kutoka doa la mrijani hadi saratani kwenye ovari hupita kama miaka 7, ila ulitegemea wagonjwa 9 tu, na namba hiyo isibebwe kama saa ya ukutani. Tena zipo saratani za ovari zenye asili nyingine kabisa. Baadhi hutokana na endometriosisi, yaani nyama kama ile ya ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje ya mfuko. Zile za mabinti wadogo mara nyingi huanzia kwenye seli za mayai yenyewe, hizo ni za ovari kweli, na dawa huwaponya wengi wao bila kuwaondolea uwezo wa kuzaa.

Kwa nini matamvua? Mwaka 1971 daktari Mmisri, Mahmoud Fathalla, aliandika wazo kwamba kila yai linapopasuka linaacha jeraha, na majeraha mengi yanaongeza nafasi ya saratani. Aliwataja hata kuku. Kuku wa mayai hutaga karibu kila siku, na akiachwa azeeke hupata saratani ya ovari bila mtu kumfanya chochote. Hesabu ya Fathalla imeshikilia hadi leo: mimba, kunyonyesha na vidonge vya uzazi wa mpango, vyote vinavyosimamisha mayai kwa muda, vinapunguza hatari. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2008, uliounganisha tafiti 45 kutoka nchi 21, ulikuta kila miaka 5 ya kutumia vidonge ikishusha hatari kwa karibu asilimia 20, na kinga hiyo inaendelea miaka mingi baada ya kuacha. Kilichobadilika ni mahali pa jeraha. Inaonekana yale maji yanayotoka na yai hulowesha matamvua na kuzikwaruza seli zake mwezi baada ya mwezi. Sehemu hii bado inachunguzwa.

Naomba hapa asinyooshewe kidole mwanamke yeyote ambaye hakuzaa. Wengi wasiozaa hawaugui, na mama mdogo ana watoto 5.

Chanzo hiki kinasaidia kueleza jambo lililowakatisha tamaa watafiti wengi. Uingereza walifuatilia wanawake zaidi ya 200,000 kwa miaka mingi, wengine wakipimwa kila mwaka CA-125, protini ya kwenye damu ambayo mara nyingi hupanda penye saratani ya ovari, na wengine ultrasaundi. Matokeo ya mwisho yalitoka mwaka 2021: vipimo havikupunguza vifo. Ultrasaundi inatafuta papai, na papai likionekana mbegu zimeshaanguka. Nayo CA-125 hupanda kwa sababu nyingi, zikiwemo endometriosisi, ujauzito na kifua kikuu cha tumboni. Hii ya mwisho inatuhusu sana huku kwetu. Kifua kikuu cha tumboni kinaweza kujaza tumbo maji, kikamkondesha mtu na kupandisha CA-125, na kwa nje kikafanana na saratani. Kwa hiyo karatasi ya CA-125 peke yake haitoshi kumwambia mtu ana saratani, wala kumhakikishia kuwa hana. Majibu ya uhakika ni ya nyama iliyochukuliwa na kupelekwa maabara.

Dalili zipo, ila zinafanana na za magonjwa ya kila siku. Mama mdogo alianza kwa kusema, "Mwanangu, sketi zote zinanibana kiunoni, na mikono inaisha." Akila vijiko vitatu vya wali ameshiba. Haja ndogo kila saa. Zahanati moja ilimpa dawa za vidonda vya tumbo, nyingine za U.T.I., na ikapita miezi 5 kabla ya mtu kumlaza kitandani akamgusa tumbo. Mwanamke, hasa aliyevuka miaka 50, akiwa na tumbo kujaa, kushiba upesi, maumivu ya nyonga au mkojo wa mara kwa mara, na hali hiyo ni mpya na inarudi karibu kila siku kwa wiki kadhaa, aombe apimwe nyonga na apigwe ultrasaundi. Kuomba hivyo si kumkosea daktari heshima.

Matibabu yana nguzo mbili. Upasuaji huondoa ovari, mirija, mfuko wa uzazi na ule utando wa mafuta, na lengo la daktari ni asiache uvimbe wowote unaoonekana kwa macho, kwa sababu kinachobaki ndicho kinachoamua mengi baadaye. Ndiyo maana inafaa ufanywe na bingwa wa saratani za wanawake. Kisha kuna kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, kwa kawaida kaboplatini na paklitakseli, dripu kila baada ya wiki 3, mara 6. Tumbo likiwa limejaa sana wanaanza na dripu 3, wanapasua, wanamalizia 3. Kwa wenye hitilafu ya BRCA, vidonge vya olaparibu vimebadilisha mambo: utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kwa wanawake walioitikia kemo ya kwanza, hatari ya ugonjwa kusonga mbele au kifo ilishuka kwa asilimia 70. Bei yake bado ni kilio.

Na kama shina liko kwenye mrija, mbona tusiling'oe kabla? Mwaka 2010 madaktari wa jimbo la British Columbia, Kanada, walianza kuwashauri wanawake waliomaliza kuzaa kwamba, wakiwa mezani kwa sababu nyingine, kama kufunga kizazi au kuondoa mfuko, mirija itolewe yote badala ya kufungwa. Ovari zinabaki na kazi yake ya homoni inaendelea. Ripoti ya mwaka 2022 ilihesabu wanawake 25,889 waliofanyiwa hivyo. Wagonjwa wa saratani ya sirasi waliotarajiwa walikuwa kama 5. Hakupatikana hata mmoja. Wanawake hao bado ni wa umri mdogo na muda wa kuwafuatilia ni mfupi, lakini hiyo sifuri nimeiangalia mara nyingi.

Baada ya kusoma haya nilimwomba mama mdogo faili lake. Kwenye majibu ya maabara, mstari wa nne, imeandikwa kwamba seli za saratani zilionekana pia kwenye ncha ya mrija wa kushoto. Karatasi hiyo nilikuwa nayo mkononi siku ya kwanza, na macho yangu yaliuruka mstari huo kutafuta neno ovari. Binti yake ana mimba ya tatu na alishaamua kufunga kizazi akijifungua kwa upasuaji. Tulikwenda naye kliniki kuuliza kama mirija inaweza kutolewa. Daktari alisema inawezekana, ila kwa historia ya mama yake atangulie kupata ushauri na kupimwa damu ya jeni, kwani BRCA ikionekana, kutoa mirija peke yake hakutoshi, na ovari nazo itabidi zipangiwe umri wa kuondolewa. Damu ilichukuliwa Jumatano. Tunasubiri majibu.