Kisu Kimekata Ala? Usilaumu Uzi

Wiki hii tena: ala, yaani mfuko wa ngozi wa kubebea kisu, imeletwa imefumuka upande wa makali, na swali ni lile lile. "Fundi, huna uzi mgumu zaidi?" Sina, wala hakuna duka lenye uzi huo. Uwe wa nailoni au wa kitani, kisu kinachopasua nyanya bila kuibonyeza kitaukata tu. Kilichokosekana ni ukanda wa katikati.

Ala ya kawaida ni kipande kimoja cha ngozi kilichokunjwa. Mgongo wa kisu unakaa kwenye kunjo, makali yanatazama mshono. Ukishona pande mbili zikigusana, makali yanalalia uzi wenyewe. Kata ukanda wa ngozi ile ile, upana milimita 10, ufuate umbo la makali kutoka mdomoni hadi nchani, uubandike katikati ya pande hizo. Mshono upite milimita 4 kutoka ukingo wa nje. Sasa makali yana milimita 6 za ngozi kabla ya kuufikia uzi.

Halafu kuna wanaoweka ukanda na bado wanakatiwa, na hao ndio hunimaliza, maana wameupunguza mdomoni "ipendeze". Mdomoni ndipo panapoliwa! Hakuna anayechomoa kisu kwa mstari ulionyooka. Kiganja huinama kidogo kuelekea makali, na urefu wote wa makali hupita ukikwangua sentimita mbili zile zile za mwanzo. Kisu cha jikoni kina balaa zaidi: ni kipana kisiginoni, karibu na mpini, chembamba nchani, kwa hiyo ncha ikiingia ina nafasi ya kuyumba na kuchoma inapotaka. Chungulia ndani ya ala iliyotumika utaona mikato myembamba kama ya wembe imerundikana mdomoni, na vumbi la ngozi. Hapo ukanda uwe milimita 15. Wengine hupiga ribiti ya shaba, ile pini ya kubana ngozi, hapo mdomoni. Sawa, ila ikikaa ndani ya mstari wa mshono, makali yataigonga yatoke pengo. Ukanda ukiwa mpana, hata sijui ribiti inafanya kazi gani zaidi ya urembo.

Mengine haraka. Ngozi iwe ya magome, yaani iliyolainishwa kwa dawa ya magome ya miti, unene milimita 2.5 hadi 3. Ukiwa soko la Kariokor, Nairobi, omba ukate pembe: katikati pakiwa na rangi ya kijivu-samawati, ni ya kromu, iliyolainishwa kwa kemikali, haitashika umbo. Paka gundi ya viatu pande zote, ngoja hadi isinate kidoleni, bandika. Toboa kwa msharasi kila milimita 4. Sindano mbili, uzi wenye nta mara tano ya urefu wa mshono, zote zipite kila shimo. Mwishoni rudi nyuma mashimo matatu.

Lowesha ala kwa maji vuguvugu. Funga kisu kwa nailoni ya kufunikia chakula, tabaka tatu, la sivyo dawa ya magome itakitia madoa meusi. Kiingize, bonyeza kwa vidole, anika kivulini. Julai ya Nairobi, hesabu siku mbili. Usiisogeze karibu na jiko, itasinyaa.

Na kwa wanaouliza kama ala ni ya kuhifadhia kisu: hapana, usikilaze humo kabatini, ni ya kukibebea tu. Ngozi hunywa unyevu, na kisu kisicho cha chuma cha pua kitashika kutu hata ala ukiipaka nta ya nyuki. Ukifika unakokwenda kupika, kitoe, kifute, ala iache mdomo wazi ipate hewa.