Acheni kuniambia mawe ya lava yatashika uzio

"Leta paneli tu, miguu ya betoni iache hukohuko depo. Mawe si yamejaa hapa?" Wenye shantie (viwanja vya ujenzi) wa Himbi na Majengo, mitaa ya hapa Goma, wananipigia mimi ninayewaletea uzio wa muda na neno hilohilo, wakitaka kupunguza pesa ya kamio (lori). Hapana, jamani. Hapana.

Paneli ya mita 3.5 kwa 2 ina kilo 15 hadi 20 hivi. Mguu mmoja wa betoni, kilo kama 30. Mita 100 zilizonyooka zinadai paneli 29 na miguu 30, kwa hiyo mzigo mkubwa wa kamio ni miguu. Mteja akiona hivyo anadhani analipia uzito wa bure. Huo uzito ndio uzio wenyewe! Mahali pengine wanachimbia nguzo, lakini hapa Goma, pale volkano ya Nyiragongo ilipomwaga lava 2002, chini ni mwamba. Uzio wa muda unasimama kwa uzito tu. Mguu una tundu linaloshika nguzo, jiwe halina. Tena lava hii imejaa vitundu vya hewa. Jiwe lake ni jepesi kuliko betoni ya ukubwa uleule, na linabingirika. Na mafundi wakipungukiwa mawe ya msingi, watachukua hayohayo uliyoegemeza, bila kukuuliza. Usiku uzio unalalia njia wanayopita watoto.

Wengine wanasema bashi (turubai) ikifungwa kwenye paneli inaimarisha uzio. Inaudhoofisha. Upepo wa mita 20 kwa sekunde unasukuma bashi kwa kilo 25 hivi kwa kila mita ya mraba. Paneli moja ina mita za mraba 7, piga hesabu. Ukitaka bashi, sema siku ya kuagiza, nipakie mihimili ya nyuma na miguu ya ziada.

Uzio kuja baada ya simenti? Unatangulia. Ila kwanza nionyeshe kamio la mchanga litaingilia wapi, geti likae hapo.

Na chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, msiidharau. Avenyu ikiwa nyembamba, kamio libaki barabara kubwa, chukudu ibebe miguu, paneli zishikwe na watu wawili wawili. Nitumieni picha ya njia siku moja kabla, nijue niite wasukumaji wangapi.