Jeraha gani ni la kupeleka hospitali? Maswali ya watu wazima wa Malindi

Mwaka 2015 Kenya ilifanya utafiti wa kitaifa wa afya. Watu wazima wapatao 4,500, wa miaka 18 hadi 69, waliulizwa pamoja na mengine kama katika miezi 12 iliyopita waliumia kiasi cha kuhitaji matibabu. Takriban asilimia 15 walisema ndiyo, na hapo ajali za barabarani hazimo, maana ziliulizwa peke yake. Kuanguka kuliongoza, kukatwa kukafuata, na wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo watu wa Malindi huuliza mtu anapoumia.

Kuanguka kunaongoza vipi? Si boda boda ndizo zinazotuvunja?

Boda boda zinavunja, tena zinaua. Ila si kila mtu hupanda boda boda kila siku, na kila mtu hutembea, huoga na hupanda kitu. Bafu lenye sabuni, ngazi isiyo na mkono, ukingo wa mashua uliolowa. Kwetu kuna na mgema pia: hupanda mnazi asubuhi na jioni, kotama, kisu chake cha kugemea, kiunoni, kibuyu mkononi, anakanyaga vidato vilivyochongwa kwenye shina. Mvua ikinyesha vidato huteleza, na juu hakuna cha kumshika.

Mgema ameanguka chini ya mnazi. Tumbebeje?

Msimbebe kwanza. Najua moyo hautulii mtu akiwa chini analia, lakini hapa ndipo mtu huweza kupoozeshwa na mikono ya wanaompenda. Mmoja amshike mabega, mwingine miguu, katikati mgongo unapinda, na mfupa uliokuwa umepasuka tu unakata uti wa mgongo. Mmoja wenu apige magoti karibu na kichwa chake, akishike kichwa kwa mikono miwili kisigeuke. Mwulizeni kama anahisi vidole vya miguu na kama anaweza kuvichezesha. Tafuteni ambulensi, na ikikosekana, pikapu. Ng'oeni mlango au leteni ubao mpana, mumgeuze mwili mzima kwa pamoja kama gogo, mumlaze juu yake, mumfunge kwa leso asiyumbe. Asipandishwe boda boda katikati ya watu wawili, hata kama hospitali ni karibu. Na asikandwe na mtu yeyote kabla ya kupigwa picha ya eksirei hospitalini.

Alizimia kidogo, akaamka, sasa anazungumza vizuri. Kuna haja ya kwenda?

Ipo. Damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu wakati mtu anakunywa chai na kucheka. Apimwe siku hiyo hiyo. Akianza kutapika mara kwa mara, kusinzia asiamshike, kuchanganya maneno, kupata degedege, au kutoka damu au maji pua na masikio, hapo msingoje hata kubadilisha nguo.

Nimejikata na panga. Nimefunga kitambaa, damu imekata. Inatosha?

Kukata kwa damu hakukuambii kama kano au mshipa wa fahamu umesalimika. Kunja na kunjua kila kidole. Kisichokunjuka, au chenye ganzi, ni cha hospitali leo. Kidonda kirefu kinachoachama kioshwe kwa maji safi na sabuni, kibanwe kwa kitambaa safi, kipelekwe kushonwa mapema, maana kikikaa hadi kesho hatari ya kuoza huongezeka. Kahawa, majivu na mafuta ya taa visiguse.

Kisha pepopunda. Mpango wa taifa wa chanjo za watoto ulianza 1980, kwa hiyo aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hakuchanjwa kabisa. Wanawake wengi walichomwa sindano hiyo kliniki walipokuwa wajawazito. Mwanamume hana kliniki ya namna hiyo, na ndiye anayeshika panga, ndoana na msumari wenye kutu. Ukiwa na kidonda, uliza sindano ya pepopunda kwa jina lake. Ugonjwa huu huanza mara nyingi kati ya siku ya 3 na ya 21, kidonda kikiwa kimeshasahaulika, kwa taya kukaza.

Mafuta ya mahamri yamenirukia mkononi.

Vua pete na bangili upesi kabla mkono haujavimba. Weka mkono chini ya maji baridi yanayotiririka dakika 20. Bomba likikauka, mwagiwa kwa kata kutoka kwenye ndoo. Barafu usiweke, dawa ya meno na ute wa yai pia usiweke, na malengelenge usiyapasue. Uso, viganja, sehemu za siri, viungo, na mahali popote ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi bila maumivu, twende hospitali.

Na mwiba wa taa, yule samaki bapa wa baharini? Nyoka? Mbwa?

Mwiba wa taa: tumbukiza mguu katika maji ya moto unayoweza kuvumilia, dakika 30 hadi 90, maumivu yatapungua, mwiba uliozama kifuani au tumboni usiung'oe. Nyoka: tulia, kiungo kisitikisike, usichanje, usifyonze, usifunge kamba ya kubana, usipoteze muda kwa jiwe jeusi linalosemwa hunyonya sumu, nenda hospitali. Mbwa: osha kwa sabuni na maji dakika 15, ukachanjwe siku hiyo, kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu hakuna anayepona.

Niliumia nikajitibu nyumbani. Mtafiti akija niseme nini?

Sema uliumia. Swali linahusu kuhitaji matibabu, si kufika hospitali tu. Ukinyamaza kwa kuwa hukuwa na nauli, jeraha lako halihesabiwi.

Sina pesa. Nitapokelewa?

Katiba ya Kenya, kifungu 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Ukifika mapokezi sema wazi ni dharura, kisha taja saa uliyoumia, ulivyoumia, na chochote ulichopaka au kunywa njiani.